Aljebra Nayo Ina Sarufi: Mwalimu wa Kiswahili Asikae Kando

Limekuwa jambo la kawaida katika vikao vya vyama vya Kiswahili vyuoni kumsikia mwanachama akitamba kwamba yeye na hisabati waliagana siku alipoikabidhi karatasi yake ya mwisho ya Kidato cha Nne. Ukumbi hucheka, naye huendelea na mada yake ya fonolojia au tamathali za usemi. Ni mzaha mtamu, nami nimeucheka mara nyingi. Hata hivyo, ndani yake mna dhana ambayo makala haya yanakusudia kuipinga: kwamba lugha ni shamba letu na namba ni shamba la jirani, na kwamba mtoto anayeshindwa kurahisisha hesabu za aljebra ni mgonjwa wa daktari mwingine.

Hebu tumchukue mwanafunzi wa Gredi ya 7 katika shule ya kutwa karibu na soko la Kanja, upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya inayostawisha chai na kahawa. Nyumbani mtoto huyu huzungumza Kiembu. Sokoni, anapokutana na wachuuzi wa kutoka ng'ambo ya mto Thuci na kwingineko, hutumia Kiswahili. Darasani, tangu alipoingia Gredi ya 4, hisabati amefundishwa kwa Kiingereza. Sasa, juu ya lugha hizo tatu, analetewa ya nne isiyo na msemaji wa kuzaliwa hata mmoja: lugha ya x na y, ya mabano na vipeo. Anaambiwa airahisishe. Lakini hata neno hilo lenyewe la kurahisisha hajapata kuelezwa lina maana gani. Rahisi kwa nani? Na atajuaje kwamba amefika mwisho?

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu eneo hilo nilifundisha Kiswahili na historia. Jioni walikuwapo wanafunzi waliobaki darasani kumalizia kazi zao, na kwa kuwa aghalabu mwalimu aliyekuwa karibu ni mimi, walinifungulia madaftari ya hisabati bila kujali kwamba somo hilo si langu. Makosa matatu yalijirudia kutoka daftari hadi daftari. Penye 3a + 2b waliandika 5ab. Penye 3(x − 1) waliandika 3x − 1. Na penye 700 − (x − 20) waliandika 680 − x. Kila kosa lilikuwa na alama yake ya wino mwekundu, basi, hakuna neno zaidi. Wala simlaumu mwalimu mwenye rundo la madaftari lililomfika kifuani.

Nikiyatazama makosa hayo kwa jicho la mwanafunzi wa isimu, naona kwamba hakuna hata moja lililo kosa la hesabu. Mtoto aliyeandika 5ab anajua vyema kwamba 3 na 2 ni 5. Mtoto aliyeandika 680 − x anajua kutoa 20 katika 700. Walichoshindwa ni kusoma. Walikutana na maandishi yenye kanuni zake za upatanisho, wakayasoma kwa kanuni za lugha walizozizoea. Tatizo la namna hiyo sisi tunalijua tangu mwaka wa kwanza wa masomo yetu. Tunaliita athari ya lugha ya kwanza, na tumeliandikia tasnifu nyingi tunapomchunguza mwanafunzi wa Kiembu au Kimeru anayejifunza Kiswahili sanifu.

Tuanze na 5ab, maana hapo pana utajiri. Katika Kiswahili, nomino mbili za ngeli tofauti zikiunganishwa kwa "na", sarufi hailii wala haikwami. Husema: kiti na meza vimevunjika. Kiti ni cha KI-VI, meza ni ya I-ZI, lakini kiambishi vi- huja kama mzee wa ukoo na kuwachukua wote wawili chini ya mwavuli mmoja. Msemaji wa Kiswahili ana mazoea ya kutafuta kiambishi hicho cha kuunganisha. Basi mtoto anapoona 3a + 2b anafanya lile ambalo lugha imemfundisha: anatafuta vi- ya aljebra. Haipo. Katika aljebra 3a na 2b hukaa hivyo hivyo, kila kimoja na ngeli yake, na usemi huo umekwisha kurahisishwa. Hakuna kilichobaki kufanywa.

Hili la kukubali kwamba kazi imekwisha ilhali alama ya kujumlisha bado iko pale ni gumu kuliko linavyoonekana. Tangu Gredi ya 1 mtoto ameijua alama ya sawasawa kama amri: toa jibu. Ameona 3 + 2 = na nafasi tupu, akaijaza kwa namba moja. Kwake, alama ya kujumlisha ni ishara ya kazi ambayo haijafanywa, na kuiacha ni uvivu. Neno letu "sawa" lingeweza kumsaidia sana hapa kama tungelitumia kwa maana yake ya mizani, kwamba upande huu una uzito uleule wa upande ule, badala ya kuisoma alama hiyo kama "jibu ni". Mkulima wa chai anayetazama mizani kwenye kituo cha kupimia majani hahitaji kufunzwa maana hiyo ya sawa. Mtoto wake ameiona tangu utotoni, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo hiyo iliyomo daftarini.

Naam, mfano wa ngeli ni mzuri, lakini si wa kumezwa mzima mzima. Walimu wengi huwaeleza wanafunzi kwamba a ni machungwa na b ni maembe, na machungwa hayajumlishwi na maembe. Maelezo hayo huokoa somo la kwanza na kuliharibu la pili. Siku mtoto atakapokutana na ab, atauliza: chungwa mara embe ni tunda gani? Herufi katika aljebra si kitu. Ni namba ambayo hatujaitaja. Chungwa halina kipeo cha pili, lakini namba inacho. Huko Uingereza, utafiti wa Dietmar Küchemann uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba watoto wengi huichukulia herufi kama jina la kitu, au hata kuipuuza kabisa. Na watoto hao walikuwa wakifunzwa kwa lugha yao ya mama. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Kiingereza ndicho chanzo cha kila balaa. Aljebra ni lugha ya kigeni kwa kila mtoto duniani. Tofauti ni kwamba mtoto wa London huifikia kwa kuvuka mto mmoja, na wa Kanja huvuka miwili.

Kwa hiyo namna salama zaidi ya kumwambia mwanafunzi ni hii: 3x + 2x ni 5x kwa sababu namba yoyote ile, ukiichukua mara tatu, kisha ukaichukua mara mbili, umeichukua mara tano. Neno "mara" ndilo linalobeba mzigo wote. Na namna ya kumthibitishia kwamba 3a + 2b si 5ab ni kumpa namba: a iwe 4, b iwe 10. Upande mmoja anapata 12 na 20, jumla 32. Upande wa pili anapata 5 mara 4 mara 10, yaani 200. Hapo hahitaji mwalimu amwekee alama nyekundu, ameiona mwenyewe. Nimeshuhudia mtihani huu mdogo wa kuweka namba mahali pa herufi ukimpa mwanafunzi uwezo ambao kanuni kumi za kukariri hazikumpa, maana tangu siku hiyo anaweza kujisahihisha akiwa peke yake nyumbani.

Lipo jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, wasomi wa Kiswahili peke yao ndio wawezao kuling'amua haraka. Katika lugha yetu idadi hufuata nomino: viti viwili, watu wanne. Sasa mwambie mtoto asome 2x kwa Kiswahili. Aghalabu atasema "x mbili". Mwambie asome x yenye 2 ndogo juu yake. Atasema, vilevile, "x mbili". Maandishi mawili tofauti, matamshi mamoja. Si ajabu basi kwamba x + x huandikwa kama x kipeo cha pili, na kinyume chake. Dawa yake ni nidhamu ya usomaji tu: ya kwanza isomwe "mara mbili ya x", ya pili "x mara x" au "x kipeo cha pili", na "x mbili" ipigwe marufuku darasani. Mwalimu wa hisabati anayefundisha kwa Kiingereza hawezi kuuona mtego huu, kwa sababu haumo katika Kiingereza chake. Umo kichwani mwa mwanafunzi, ambako tafsiri hufanyika kimyakimya.

Vivyo hivyo kwa herufi na namba zilizowekwa bega kwa bega. Mtoto amejua tangu zamani kwamba 43 ni arubaini na tatu. Kati ya tarakimu hizo mbili mna "na" isiyoandikwa, ambayo Kiswahili huitamka waziwazi. Akija kuambiwa kwamba y ni 3, halafu aulizwe 4y ni ngapi, huandika 43. Amefuata kanuni aliyofunzwa. Hakuna aliyemwambia kwamba penye herufi, neno lililofichwa kati ya alama mbili si "na" tena bali ni "mara". Maneno mawili mafupi, na kati yao pamelala mwaka mzima wa kushindwa.

Makosa mengine mawili niliyoyataja hayahitaji falsafa. Yanahitaji Kanja yenyewe. Tuseme mkulima amepeleka mifuko 3 ya majani ya chai yenye uzito ulio sawa, kila mmoja kilo x, na karani anaondoa kilo 1 kwa kila mfuko. Uzito utakaoandikwa kwenye risiti ni 3(x − 1), yaani 3x − 3. Mtoto aliyeandika 3x − 1 ameondoa kilo moja tu kwa mifuko yote mitatu. Karani hatakubali kamwe! Mifuko ikiwa na kilo 12 kila mmoja, hesabu ya karani ni 33 na ya mtoto ni 35. Muulize mtoto huyohuyo swali hili kwa maneno, bila mabano, naye atalijibu hata kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu amewahi kutumwa kituoni.

Na lile la 700? Mama amekupa shilingi 700. Bidhaa dukani ni shilingi x, lakini mwenye duka amekupunguzia shilingi 20. Utarudi nyumbani na ngapi? Ukiandika 680 − x, umekubali kwamba punguzo lilikuwa hasara yako. Mwenye duka amekupunguzia kisha amekutoza. Bidhaa ya shilingi 100 ungeinunua kwa 80 ukabaki na 620, si 580. Jibu ni 720 − x. Kanuni ya kwamba alama ya kutoa nje ya mabano hugeuza alama zilizo ndani hukaririwa na kusahaulika, lakini sijaona mtoto anayesahau chenji.

Wapo watakaosema kwamba kuyaweka haya katika maneno ni kuirudisha hisabati nyuma. Historia inasema vingine. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad mnamo karne ya 9 na ambaye kitabu chake ndicho kilicholipa somo hili jina, hakutumia x hata moja. Kila kitu alikiandika kwa maneno. Namba isiyojulikana aliweza kuiita kitu, au mzizi. Namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe aliiita mali. Namba za kawaida alizihesabu kwa dirhamu. Mlinganyo ambao leo tunauandika x² + 10x = 39 yeye aliueleza kama habari ya mali na mizizi. Sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu mirathi, maana waliomsoma walikuwa na wosia wa kugawa. Herufi zilikuja baadaye sana: alama ya sawasawa ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557, na François Viète alianza kuzitumia herufi kwa utaratibu mwaka 1591. Wanadamu waliifanya aljebra kwa maneno kwa zaidi ya miaka 700. Sioni sababu ya kumnyima mtoto wa miaka 12 walau wiki mbili za maneno kabla ya kumtwika herufi.

Nikiwa bado hapo, wapenzi wa etimolojia wataniruhusu. Mada ya kitabu hicho hutajwa kwa maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. La kwanza, lenye maana ya kurejesha au kuunga kilichovunjika, lina mzizi mmoja na jabari letu. La pili, lenye maana ya kukabilisha, yaani kuweka vitu uso kwa uso na kupunguza vinavyofanana, ni ndugu wa mkabala na kabili. Mali, hesabu, sifuri: yote yamo kinywani mwetu tangu zama za biashara za pwani. Lugha yenye hazina hii haipaswi kuambiwa kwamba haina uwezo wa kubeba aljebra ya Gredi ya 7.

Na tayari imeibeba. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, na vizazi vya Watanzania vimejifunza namba tasa, namba witiri na shufwa, vipeo na vipeuo, kigawe kidogo cha shirika, vyote kwa Kiswahili. Pale ambapo sisi tulikaririshwa BODMAS, wenzetu walikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo ni tamu mdomoni, na mtoto analielewa kila silabi, jambo ambalo BODMAS haiwezi kujivunia huku kwetu.

Lakini tusijidanganye kwamba Kiswahili peke yake kinatibu. Mpe mwanafunzi aliyekariri MAGAZIJUTO hesabu hii: 10 − 3 + 2. Ataona kwamba "ju" imetangulia "to", atajumlisha 3 na 2 kwanza, kisha atoe, apate 5. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto. BODMAS ina ugonjwa uleule. Kifupisho kizuri katika lugha nzuri bado kinaweza kufundisha vibaya. Aidha, wenzetu wa Tanzania wanapofika Kidato cha Kwanza hukuta lugha imebadilika ghafla kuwa Kiingereza, na aljebra iliyokuwa imeanza kueleweka hugeuka kuwa ngeni kwa mara ya pili. Zanzibar nayo, katika sera yake ya elimu ya mwaka 2006, iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la 5. Wenye Kiswahili chao wamesitasita kuhusu jambo hili kwa miongo mingi. Sisi wa bara ya Kenya hatuna budi kuzungumza kwa unyenyekevu.

Ndiyo sababu sidai kwamba mtihani wa hisabati utungwe kwa Kiswahili kesho. Mtihani ni wa Kiingereza, na mwanafunzi anayeelewa aljebra kwa Kiswahili lakini asijue swali limemtaka afanye nini bado atafeli. Ninachodai ni kidogo zaidi, na pengine ndiyo maana kinapuuzwa: Kiswahili kiruhusiwe kuwa ngazi. Mwanafunzi alisome fungu la alama kwa Kiswahili, alieleze kwa Kiswahili, alihakiki kwa namba, kisha aambiwe neno la Kiingereza atakalolikuta kwenye karatasi ya mtihani. Baadhi ya walimu wa hisabati niliozungumza nao hufanya hivyo tayari, ila kwa kificho, mlango ukiwa umefungwa, kama mtu anayekula hadharani mwezi wa Ramadhani. Hawana istilahi za pamoja. Mmoja husema "kikundi", mwingine "sehemu" (ambayo tayari ni neno la nusu na robo), mwingine huchomeka neno la Kiingereza na kusonga mbele. Mtoto akihama shule huanza upya.

Hapa sasa ndipo penye kazi yetu, na ndipo mzaha wa ukumbini unapopoteza ladha. Tangu masomo ya Gredi ya 7 yalipoanza Januari 2023, uhaba wa walimu umefanya mwalimu mmoja kukabidhiwa masomo ambayo hakuyasomea. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wewe unayemaliza shahada yako ya ualimu wa Kiswahili mwaka huu unaweza kupangiwa shule yenye walimu wawili tu wa kiwango hicho, na ratiba haitakuuliza kama mliagana na hisabati. Isitoshe, mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itabaki kuwa somo la lazima katika sekondari pevu, iwe ile ya kina au ile ya msingi, na Gredi ya 10 ya kwanza ilianza mwaka 2026. Kiswahili nacho ni cha lazima, isipokuwa kwa wanaotumia lugha ya ishara. Masomo haya mawili yamefungwa pingu moja, na mtoto wa Kanja atatembea nayo hadi mwisho wa shule.

Kila tarehe 7 Julai, tangu 2022, tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na vitenge. Ni vizuri. Nami husimama nikapiga makofi. Ila ningefurahi zaidi kama chama chetu kingetumia maandalizi ya siku hiyo kuzalisha kurasa mbili tu: orodha ya maneno yasiyozidi 30 ya aljebra ya mwanzo, kila neno na usomaji wake, mfano wake na mtego wake. Wanachama wanaokwenda mazoezi ya ualimu Embu, Meru na kwingineko wazibebe, wawape walimu wa hisabati wa shule hizo, warudi na masahihisho. Idara za hisabati ziombwe kuzipitia kabla hazijachapwa, maana sisi tunajua ngeli kuliko tunavyojua mabano. Wahadhiri wetu wa somo la istilahi, ambao kila mwaka huwatuma wanafunzi kukusanya maneno ya uvuvi na useremala, wanaweza kumtuma mmoja wao katika darasa la Gredi ya 7.

Maneno mengi katika orodha hiyo hayatatusumbua. Mabano yapo, vipeo vipo, hasi na chanya zipo, mlinganyo upo. Tutakwama kwenye vile vipande vinavyoruhusiwa kuunganishwa, kama 3x na 2x, kwa kuwa hapo kila mwalimu ana neno lake. Mimi napendekeza "vipande vya ngeli moja", kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Najua wapo wataalamu watakaosema kwamba ngeli ni ya nomino, na kwamba neno hilo litamrudisha mtoto kwenye machungwa na maembe niliyoyapinga hapo juu. Wana haki ya kusema hivyo. Basi na waje na neno lao, walijaribu kwanza kwa mtoto mmoja aliyeandika 5ab, halafu watuandikie. Ukurasa wa barua katika toleo lijalo uko wazi.